Sauti Iliyotangulia Mchi

Mwezi uliopita kijana mmoja wa Mwanza, niliyemfundisha kwa wiki mbili tu mwaka jana, alinitumia katuni yake ya dakika tatu kwa simu. Kabla ya katuni yenyewe alitanguliza ujumbe: "Shikamoo Mwalimu. Samahani kwa usumbufu. Kwenye laptopu sauti iko sawa kabisa, nikiihamishia kwenye simu inawahi. Nimerudia mara sita. Naomba unisaidie, kesho kutwa natakiwa kuikabidhi."

Nikamwitikia marahaba, nikaifungua. Bibi amesimama uani, ameinua mchi juu ya kinu, anatwanga. Michoro ilikuwa mizuri: mgongo unapinda, kanga inacheza, pumba zinaruka. Lakini kila mchi uliposhuka, kishindo kilisikika ungali hewani. Du, ndipo mchi unafika. Du, ndipo mchi unafika. Nilitazama mara tatu, kisha nikafumba macho nikasikiliza tu. Sauti peke yake ilikuwa safi. Nikazima sauti nikatazama picha, nayo ilikuwa safi. Ubaya wote ulikuwa pale viwili hivyo vilipokutana.

Sikumjibu papo hapo. Mchi ule ulinirudisha mbali.

Nilikulia Lushoto, kwenye miteremko ya Usambara, ambako jirani wa ng'ambo ya bonde unamwona anachofanya, lakini kumfikia ni kushuka na kupanda hadi jasho likutoke. Asubuhi nilikuwa nikikaa barazani kwa bibi nikimtazama mama mmoja wa upande wa pili akitwanga. Mchi ulishuka kimya. Alipokuwa ameshauinua tena ndipo kishindo kilipotufikia. Kwa miaka kadhaa niliamini kwamba mchi wake ulikuwa wa aina yake, hulia ukiwa unapanda. Mwalimu wa sayansi wa darasa la sita ndiye aliyenieleza kwamba sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde, na kwamba bonde likiwa na upana wa mita 170, kishindo kitachelewa nusu sekunde. Niliona haya kidogo, lakini zaidi nilifurahi, kwa sababu kumbe nilichokuwa nikikitazama ni umbali wenyewe.

Somo hilo lilikaa bure kichwani kwa miaka mingi. Mwaka 2007, nikiwa Dar es Salaam, nilipata kazi yangu ya kwanza ya kulipwa: tangazo la katuni la sekunde 40 kuhusu watoto kulala ndani ya chandarua. Nilitumia programu ya Flash 8 kwenye kompyuta ya kukodi. Enzi hizo Flash ilianza kila kazi mpya kwa fremu 12 kwa sekunde, kwa hiyo tangazo langu lilikuwa na fremu 480. Nilirekodi sauti ya mama akiwaita watoto, nikaiingiza kwenye maktaba ya programu, nikaiburuza hadi kwenye fremu ya kwanza, nikachora nikifuata mawimbi ya sauti yaliyoonekana kwenye mstari wa muda. Kila kitu kilioana.

Siku ya kuwaonyesha wenye kazi, kompyuta ya ofisi yao ilikuwa dhaifu kuliko niliyoizoea. Sauti ya mama ilikwenda kwa mwendo wake wa kawaida, ikawaita watoto, ikawafunika, ikawatakia usiku mwema, ikanyamaza. Kwenye picha watoto walikuwa bado wako sebuleni. Waliendelea kutembea kuelekea chumbani kimyakimya kwa sekunde 20, na sisi watu sita tukitazama. Tulipoitazama tena, mmoja wao alibonyeza kitufe cha kurudia kabla sauti haijaisha, na mama wa pili akaanza kusema juu ya mama wa kwanza.

Chanzo nilikielewa usiku ule. Flash ilikuwa na namna mbili kuu za kushika sauti. Ya kwanza, ambayo ndiyo iliyowekwa tangu mwanzo usipogusa kitu, ilikuwa sauti ya tukio: ukifika kwenye fremu ile, sauti inafyatuliwa kisha inajiendea, haijui tena picha iko wapi. Inafaa kwa kitufe kinachobonyezwa au mbwa anayebweka mara moja. Ya pili ilikuwa sauti ya mtiririko: hii imefungwa kwenye mstari wa muda, na kompyuta ikielemewa na uchoraji, programu huruka baadhi ya fremu ili picha imfikie msemaji. Kompyuta ya ile ofisi iliweza kuchora kama fremu nane tu kwa sekunde. Fremu 480 kwa mwendo huo ni sekunde 60, na sauti yangu ilikuwa ya 40.

Nilibadilisha chaguo moja kwenye menyu na tangazo likapona. Lakini nilibaki nikiwaza kuhusu yule aliyeiunda programu, ambaye ilimbidi aamue: vitu hivi viwili visipoweza kwenda pamoja, kipi kitolewe sadaka? Akaitoa picha. Nadhani aliamua sawa. Fremu tatu zikirukwa mtazamaji hatambui. Silabi moja ikirukwa, hata mtoto wa chekechea atauliza mama amesema nini. Tangu siku hiyo niliacha kusema kwamba ninaweka sauti kwenye katuni. Nikaanza kuiweka sauti kwanza, hata kama ni sauti yangu mbaya ya majaribio, na kuchora juu yake.

Mwaka 2010 nilipata kazi ya mfululizo mfupi wa watoto, na safari hii wahusika walizungumza sana. Nilikuwa na chati ya midomo niliyoirithi kwa mchoraji aliyenitangulia, iliyonakiliwa mara nyingi hadi mistari imefifia. Chati za namna hiyo zilienezwa na Preston Blair, Mmarekani aliyechora kwa Disney na baadaye MGM. Kila kundi la herufi lina mdomo wake: midomo iliyofumbwa kwa m, b na p, meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v, duara kwa o. Nikachukua sauti ya mama mmoja wa maigizo ya redio, nikaisikiliza kipande kwa kipande kwa kuburuza kielekezi juu ya mawimbi, na kila herufi nikaipa mdomo wake bila kubakiza. Sentensi yenyewe ilikuwa nyepesi: "Mtoto, funga mlango, mbu wanaingia." Nilipomwonyesha, yule mama aliinama karibu na kioo cha kompyuta akauliza kwa upole, "Mwanangu, huyu anasema au anatafuna?"

Nilimwomba anisaidie. Akakaa mbele ya kamera ndogo, akaisema sentensi ile mara kumi, nami nikatazama fremu moja moja. Nikaona mambo ambayo chati haikuwa nayo, kwa sababu ilitengenezwa kwa kinywa cha lugha nyingine. Herufi nyingi hazikuwa na mdomo wowote wa kuonekana. T na g zilipita ndani ulimi ukifanya kazi peke yake. Kilichotawala uso ni zile irabu tano. Halafu nikaona m. Katika "mtoto" na "mlango" ile m si konsonanti ya kupita tu, ni silabi nzima, na midomo hubaki imefumbwa kwa muda wake kamili. Katika "mbu" mkazo wenyewe umekaa juu ya m: neno linatamkwa kwa nguvu kubwa kabisa wakati midomo imefungwa. Mimi nilikuwa nimeipa fremu moja na kukimbilia u.

Nikajifunza pia kuutenganisha mkazo na upana wa kinywa. Nilidhani silabi ya pili kutoka mwisho, kwa kuwa ndiyo yenye mkazo, lazima ipewe mdomo mpana. Jaribu "chandarua": mkazo uko kwenye ru, na mdomo pale ni mdogo, umechomoza kama wa anayepuliza moto. Silabi yenye mkazo inataka muda. Ukiipa fremu mbili za ziada, mtazamaji anasikia Kiswahili. Na midomo humtangulia msemaji: kwenye picha za yule mama kinywa kilikuwa kimeshafunguka fremu moja au mbili kabla sauti haijatoka. Wachoraji wa zamani walilijua hilo. Mimi nililipata kwake.

Baadaye nilisoma kuhusu jaribio la Harry McGurk na John MacDonald, lililochapishwa mwaka 1976. Watu walisikilizishwa "ba" huku wakionyeshwa uso unaotamka "ga", na wengi wakasikia "da", silabi ambayo haikutamkwa na yeyote. Nilipoisoma habari hiyo nilifikiria watoto wanaojifunza kusoma kwa katuni zetu. Mdomo mbaya unaweza kumpa mtoto neno ambalo halikusemwa. Siku hizi kuna programu huru kama Rhubarb Lip Sync inayosikiliza sauti na kupanga midomo yenyewe. Njia yake ya kwanza imejengwa juu ya Kiingereza, ya pili ni ya lugha nyinginezo. Ninaitumia kwa rasimu. Kila m naipitia kwa mkono.

Kosa lililonigharimu zaidi lilikuja mwaka 2013. Nilikuwa nimehamia Blender, programu ya bure iliyoniwezesha kufanya kazi bila kuiba leseni ya mtu. Blender nayo huanza na fremu 24 kwa sekunde, kama filamu za sinema. Nilitengeneza hadithi ya dakika 11, nikaipeleka kwenye kituo kimoja cha televisheni. Televisheni zetu zimerithi fremu 25, sawa na Ulaya. Picha zilitoka kwangu kama rundo la fremu, sauti ikiwa faili la peke yake. Kule zikapangwa kwa 25 na sauti ikawekwa chini yake. Sekunde za kwanza hakuna aliyeona kitu. Kufika mwisho wa dakika ya kwanza sauti ilikuwa nyuma kwa karibu sekunde mbili na nusu. Sungura alimaliza hoja yake, fisi akafungua kinywa, na sauti ya sungura ikamtoka fisi.

Nilifanya kile ambacho kila mgeni wa kazi hii hufanya: niliivuta sauti mbele. Mwanzo ukaharibika, katikati pakapona, mwisho ukabaki mbovu. Nikaivuta tena. Nilikesha hivyo hadi adhana ya alfajiri ndipo nikachukua karatasi na kupiga hesabu. Dakika 11 ni sekunde 660. Kwa fremu 24 ni picha 15,840. Picha hizo hizo kwa 25 zinakwisha kwa sekunde 633.6. Picha ilikuwa fupi kuliko sauti kwa sekunde 26 na ushee, na hakuna mahali pa kuisogeza sauti ambapo pangeponya urefu. Kosa linalokua kadiri muda unavyokwenda ni kosa la mwendo. Kosa lisilokua ni la mahali. Laiti ningeyajua hayo mawili mapema, nisingepoteza usiku ule. Ulaya kwa miaka mingi walionyesha filamu za sinema kwenye televisheni kwa kuzikimbiza hivyo hivyo, filamu ya dakika 100 ikawa ya 96, lakini wao waliikimbiza na sauti pia. Nami nikafanya hivyo, sauti za wahusika zikapanda kidogo kuwa nyembamba, na hadithi ikaenda hewani kwa kuchelewa. Tangu hapo faili jipya kwangu huanza na maswali mawili kabla ya kuchora hata nukta: fremu ngapi, na sampuli ngapi za sauti. Nachagua 48,000, kwa sababu zinagawanyika kwa 25 na kwa 24 bila kubakiza. Ukigawa 44,100 kwa 24 unapata nusu sampuli, kitu ambacho hakipo.

Katika kujifariji nilisoma jinsi walionitangulia walivyohangaika. Steamboat Willie ya Walt Disney, iliyoonyeshwa New York tarehe 18 Novemba 1928, haikuwa katuni ya kwanza yenye sauti, lakini ndiyo iliyowafanya watu waamini kwamba mchoro unaweza kutoa sauti yake mwenyewe. Wilfred Jackson, kijana aliyejua metronomu, kile kifaa cha kugonga mapigo, ndiye aliyesaidia kufunga idadi ya fremu kwenye mapigo ya muziki, hata picha zikachorwa kwa hesabu ya mdundo kabla okestra haijaziona. Kisha wakaenda kurekodi, na mara ya kwanza ikashindikana: wanamuziki hawakuweza kwenda na picha. Walipofanikiwa ilikuwa ni kwa kuweka alama ya mpira unaoruka kwenye filamu ili mwongozaji wa okestra aone pigo. Walt Disney aliuza gari lake kulipia kazi ile. Wengine walikwenda njia ya kinyume. Kwenye studio ya ndugu Fleischer, mhusika wao Popeye alichorwa kwanza, na mwigizaji wake wa sauti, Jack Mercer, akaongeza minong'ono yake baadaye juu ya mdomo usiotembea. Ikapendeza, ila ilipendeza kwa Popeye.

Kurekodi vishindo vyenyewe nilikupenda kuliko yote. Chumba changu Kinondoni kilikuwa na kunguru, makondakta wa daladala na jenereta ya jirani, kwa hiyo nilirekodi saa tisa usiku, godoro likiwa limeegemezwa dirishani. Kwato za punda zilikuwa vifuu viwili vya nazi juu ya mchanga. Moto ulikuwa mfuko wa plastiki uliokunjwa polepole. Kinu nilikirekodi kwa kinu, na hicho ndicho kilichonifundisha kuyasoma mawimbi. Kishindo cha mchi si kitu kimoja. Kwanza kuna mgongano mfupi wa mti kwa mti, kisha mwili mnene wa sauti unaovimba ndani ya kinu. Mwanafunzi akitazama mawimbi huchukua kilele, penye unene, akakilinganisha na fremu ya mgongano. Hapo sauti inawahi bila yeye kujua. Kinachofungwa kwenye mgongano ni ule mwanzo mwembamba.

Na fremu ya mgongano lazima iwepo! Mara ngapi nimeona mchi umechorwa juu ya kinu, na fremu inayofuata tayari unapanda. Hapo sauti haina pa kutua. Ninawaambia vijana wauchore mchi ukiwa chini kabisa na waushikilie fremu mbili. Pia nawakataza kuleta vishindo vya mfumo wa MP3 kwenye kazi ya kupanga, kwa sababu ufinyazaji wake huongeza ukimya mfupi mwanzoni mwa faili, mara nyingi zaidi ya nusu ya fremu, na ukiunganisha sauti ya nyenje ijirudie usiku kucha utasikia pengo kila inapoanza upya.

Kwa hayo yote kichwani nilimpigia kijana wa Mwanza. Niliuliza kuhusu fremu. Alikuwa ameweka 24 kila mahali. Nikauliza sampuli, zikawa 48,000. Nikauliza kama kosa linakua. "Hapana Mwalimu, mwanzo mpaka mwisho inawahi kiasi kile kile, kama fremu tano." Basi ni la mahali. Lakini mahali gani, ikiwa kwenye laptopu anaona sawa? Kama ni ukimya wa MP3 sauti ingechelewa. Nilinyamaza kwa muda, yeye naye akanyamaza kwa adabu. Halafu nikauliza swali ambalo nilipaswa kuanza nalo: "Mwanangu, unasikiliza kwa kutumia nini?"

Akaniambia kwa fahari kidogo kwamba mjomba wake alimletea spika za masikioni zisizo na waya.

Hapo tukaipata. Spika za Bluetooth hufungasha sauti, huirusha, huifungua, na kazi hiyo inachukua muda. Moja ya tano ya sekunde si ajabu. Programu za kutazama video kwenye simu huwa zinaichelewesha picha ili viende pamoja, lakini programu yake ya uchoraji haikufanya hivyo. Kijana alisikia kila kishindo kimechelewa, naye kwa uaminifu mkubwa akavivuta vyote mbele, kimoja kimoja, fremu tano. Sikio lake lilifanya kazi nzuri sana juu ya taarifa ya uongo. Na uongo ule ulimsukuma upande ule mbaya, kwa kuwa sauti kuwahi ni kosa zito kuliko sauti kuchelewa. Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, katika mapendekezo yake ya televisheni umeweka kwamba watu huanza kugundua sauti inapowahi kwa milisekunde 45 hivi, yaani fremu moja tu, lakini ikichelewa hawagundui hadi ifike kama 125, sawa na fremu tatu. Nilimweleza kuhusu bonde la Lushoto. Maisha yetu yote tumeona mchi ukishuka kwanza. Hakuna kiumbe aliyewahi kusikia kishindo cha kitu kabla hakijagonga, kwa hiyo mwili unakikataa.

Alizivua zile spika, akaazima spika ya waya kwenye duka la mama yake, akakesha. Asubuhi ya kukabidhi alinitumia tena. Nilisikiliza kwa spika ya mezani. Mchi unashuka, du. Unashuka, du. Katika picha ya karibu kila kitu kilikaa juu ya mgongano barabara. Kisha kukaja picha ya mbali, ambayo mara ya kwanza sikuitilia maanani: ua wote unaonekana, bibi ni mdogo chini ya mwembe, na mtoto amekaa mbele kabisa, mgongo kwetu, anamtazama. Hapo kishindo kilichelewa. Nilihesabu fremu tatu.

Nikamuuliza kama amesahau kuzirekebisha zile.

"Hapana Mwalimu," akasema, "pale mtoto yuko mbali. Nilikadiria kama mita 40."

Niliirudisha picha ile nikaitazama tena, na tena.